Wali wa alfajiri, watoto wakatapika magharibi

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi kijijini huku Newala. Binti yangu mkubwa ana miaka 10, yuko darasa la nne. Anayemfuata ni wa kiume, miaka 7, na kitinda mimba ana miaka 3. Tunaishi na mama mkwe. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo anabaki na huyu mdogo lakini kupika ameacha.

Sasa ni msimu wa korosho. Mimi na baba yao tunatoka alfajiri kwenda kuokota, shamba liko mbali na korosho zikilala chini mvua ikazikuta ni hasara. Naamka saa 10, napika cha mchana, nafunika, tunaondoka. Watoto wakirudi shule saa 8 binti anapasha na kupakua, wanakula na bibi yao.

Juzijuzi nilipika wali na mbaazi za nazi. Binti alipasha kama nilivyomwagiza. Tunarudi magharibi, tunamkuta mdogo anatapika, kaka yake amejikunja tumbo, na binti mwenyewe ameshatapika. Bibi alikuwa salama, siku hiyo hakutaka wali, alikunywa uji. Usiku mdogo akaanza kuhara. Tukampeleka zahanati, tukapewa ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, na vidonge vya zinki, na siku ya pili yake wote walikuwa wanacheza.

Ugomvi umeanzia hapo. Mama mkwe anasema binti hakunawa mikono, ametoka kucheza mchangani akashika mwiko. Binti analia, anasema alinawa na sabuni. Baba yao amekata shauri kwamba asiguse sufuria mpaka amalize darasa la saba. Nikisema labda ni kile chakula kukaa muda mrefu, mama mkwe ananijibu kwamba yeye na ndugu zake wamekula viporo tangu utoto na wako hai.

Shangazi, binti alikosea wapi? Na kama nataka kuwafundisha wote usafi wa chakula, naanzia wapi, hasa ukizingatia maji tunanunua kwa ndoo? Mtoto wa umri gani apewe kazi gani?

Mama wa watatu, Newala

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa kuuguza, na hongera kwa kukimbilia zahanati badala ya kukaa kutafuta mchawi.

Naanza na binti, maana ndiye aliyelizwa. Kwa hayo uliyoyaeleza, hakukosea. Kumpima mgonjwa kwa barua siwezi, lakini saa zenyewe zinazungumza. Wali umeiva kwenye saa 11 alfajiri na umeliwa saa 8 mchana. Ulikaa muda wa saa 9, umefunikwa, uko vuguvugu, na pembeni mbaazi zimeungwa nazi, ambayo huku kwetu kila mtu anajua inavyochacha upesi. Waliokula wote watatu wameugua jioni ileile. Aliyekunywa uji hana neno. Binti angenawa hata kwa ndoo nzima, wali ule ungewatapisha.

Kwenye mchele mkavu mara nyingi huwamo bakteria anayeitwa Bacillus cereus, akiwa katika umbo la mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Wali ukiiva ukaachwa upoe polepole, mbegu zile huamka kama magugu yaliyoonja mvua ya kwanza. Zinazaliana, na baadhi yake zinaacha sumu humohumo ndani ya chakula. Sumu hiyo humtapisha mtu kati ya saa 1 na saa 6 baada ya kula. Kupasha moto kunaua bakteria wenyewe, ila sumu waliyoiacha haiondoki, na chakula kinaweza kunukia vizuri tu. Kwa hiyo binti alitii agizo, na agizo la kupasha halikuwa na uwezo wa kukiokoa chakula kile.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa 2. Kikae kwenye baridi ya chini ya nyuzijoto 5, au kibaki cha moto kuanzia nyuzijoto 60 kwenda juu. Jokofu huna, na kipimajoto huna. Basi kwa nyumba yako kanuni ni fupi: kiliwe kikiwa bado kinatoa mvuke, au kisipikwe mpaka walaji wawepo. Vuguvugu ndiyo hali ya kuiogopa, na hilo hata mtoto wa miaka 7 analielewa ukimwekea vikombe vitatu vya maji, cha moto, cha baridi na cha vuguvugu, ukamwambia aonyeshe ni kipi wadudu wangekipenda wakae.

Kuhusu mama mkwe. Kiporo cha wali na chai ya asubuhi nakijua utamu wake, sitamcheka. Lakini anayesema "tulikula na tukakua" ni yule aliyekua. Wenzake waliokwenda na kuhara wakiwa wachanga hawapo barazani wambishie. Hayo usimwambie, ni mkweo. Mwambie tu kwamba zamani chakula cha mchana kilipikwa mchana, kwa kuwa bibi au shangazi alikuwepo nyumbani. Kiporo cha usiku mmoja cha ugali mkavu hakilingani na sufuria ya nazi iliyoshinda kutwa kwenye joto la Oktoba. Kama ni lazima kiporo kiwepo, basi wali, samaki, nyama na chochote cha nazi visilazwe. Pikeni kiasi cha kumalizika.

Sasa tubadilishe alfajiri yako. Acha kupika cha mchana, andaa tu. Mchele umechambuliwa na kupimwa, umefunikwa ukiwa mkavu. Unga umepimwa. Viazi vitamu vimeoshwa udongo. Binti akirudi awashe moto na apike kitu cha kuchemsha tu: viazi, ugali, wali mweupe, uji. Mtoto wa miaka 10 wa kijijini kwetu anaweza hayo, na wewe ulikuwa unayaweza. Kukaanga kusubiri, mafuta ya moto ni ya kufanya ukiwa umesimama karibu yake. Kitoweo kiwe kile kisichodai muda: karanga za kutwanga, mchicha, dagaa wakavu waliooshwa na kuchemshwa vizuri. Mbaazi na kisamvu pika usiku, mle usiku.

Kwa njaa ya kufika kutoka shule, waachie vitu vinavyostahimili kutwa bila moto wala baridi: ndizi mbivu, machungwa, embe likiwa na ganda lake, karanga, korosho zilizobanguliwa, hata maandazi ya asubuhi. Uji wa bibi na wa mdogo utie kwenye chupa ya chai ukiwa unatokota, baada ya kuisuuza chupa kwa maji ya moto. Wakifungua ukaunguza ulimi, wanywe. Ukiwa vuguvugu wamwage, na usimgombeze atakayemwaga, kwani siku ukimgombeza kwa kumwaga uji, kesho yake atanyamaza na kumnywesha mdogo wake.

Bibi mpe cheo. Akae kwenye kigoda mlangoni mwa jiko binti anapopika. Macho ni hafifu lakini masikio yake yanajua sufuria inapotokota na inapoungua, na yeye ndiye atakayemzuia mdogo asifike kwenye mafiga. Akishakuwa msimamizi, ubishi wa viporo utapungua wenyewe. Kama mnatumia jiko la mkaa, lisiingizwe kamwe chumbani na milango ikafungwa, moshi wake usioonekana unaua.

Mikono nayo ina sehemu yake. Kwa nyumba isiyo na maji ya kuchezea, tengeneza kibuyu chirizi: kidumu cha lita 5 kimetobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto, kimening'inizwa kwenye mti wa kulala, kamba inashuka mpaka kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto anakanyaga, maji yanachirizika kidogo, anapaka sabuni, anakanyaga tena kusuuza. Ni maji machache kuliko ya kumwaga kwa kopo, na mkono mchafu haugusi chombo. Sabuni ikiisha, majivu safi ya jikoni yanafaa. Weka kimoja karibu na choo na kingine karibu na jiko.

Lile bakuli moja la kunawia linalozungushwa wote mkatumbukiza vidole, liondoeni. Anayenawa wa mwisho, ambaye kwa adabu zetu ni mtoto, ananawa taka za wote. Mpe mwanao wa kiume kazi ya kunawisha: jagi mkono mmoja, beseni mkono mwingine, anawamiminia wakubwa na wadogo. Atajifunza maji tiririka bila kuhubiriwa.

Na usiwafundishe kwa kuwatisha na wadudu wasioonekana. Mpake mafuta kidogo viganjani, kisha mpake masizi ya chini ya sufuria. Mwambie anawe kwa maji matupu, aone. Halafu kwa sabuni, asugue kati ya vidole na chini ya kucha mpaka amalize kuimba ubeti mmoja wa wimbo wa shule, kama sekunde 20. Akikwisha kuona masizi yanavyong'ang'ania kwenye kucha, hutahitaji kumkumbusha mara nyingi.

Wa miaka 3 anawe tu na achukue kijiko chake kwenye kichanja. Wa miaka 7 achambue. Nasisitiza, yeye ni mwanamume na atachambua. Mpe ungo wa karanga na umfundishe kutoa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, kwa sababu huko ndiko sumukuvu ilipo, na kuzikaanga hakuimalizi. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo iliyokuwa kwenye mahindi. Zilizotolewa zitupwe. Kuku wasipewe, wala zisitengwe kwa ajili ya kusaga.

Binti wa miaka 10 mfundishe mpangilio wa kazi. Nyumba nyingi zina kisu kimoja na kibao kimoja, mkinunua vya pili ni heri, msiponunua mpangilio unatosha: anakata kwanza kile kitakacholiwa kibichi, yaani nyanya na vitunguu vya kachumbari, anafunika pembeni. Baadaye ndipo anapasua samaki. Halafu kisu, kibao na mikono yake vinaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Akigeuza utaratibu huo, damu ya samaki inaingia kwenye kachumbari na hakuna moto wa kuiokoa.

Ukimtuma samaki, mwende pamoja kwanza. Samaki akifika Newala ameshasafiri kutoka pwani, pengine kwenye pikipiki bila barafu. Mwonyeshe jicho lililotuna na kung'aa, matamvua mekundu, nyama inayorudi ukiibonyeza. Kwa vibua na jodari awe mkali zaidi, hao wakikaa juani wanatengeneza sumu inayowasha mwili na kuuvimbisha uso, na haiishi kwa kukaanga. Mchuuzi akimzomea kwa kufunua matamvua, aende kwa mwingine.

Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa ya maji, yakae kwenye ndoo yenye mfuniko. Kama haina koki, wachote kwa kata yenye mpini mrefu. Kikombe kilichotoka mdomoni kisitumbukizwe.

Kuna mambo matatu ya kwetu Kusini ambayo hukuyauliza, lakini kwa nyumba ya mkulima wa korosho siwezi kuyaruka.

La kwanza ni korosho yenyewe. Watoto wakiachwa peke yao wakati wa msimu hujichomea korosho mbichi nyuma ya nyumba, kisha huipasua ganda kwa meno. Mafuta ya ganda lile yanaunguza, midomo na vidole vinababuka. Waambie wazi: korosho yenye ganda haiingii mdomoni, na kuchoma ni mpaka mama au baba awepo, mahali pa wazi, wakiwa wamekaa upande upepo unakotokea. Tena korosho zikiwa motoni hazisubiri mtu, zinarusha mafuta yanayowaka.

La pili ni dawa za mikorosho. Salfa ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na viuatilifu vya maji vinakaa wapi nyumbani kwako? Kama ni pembe ya stoo ya chakula, vihamishe leo. Chupa au kidumu kilichokuwa na dawa hakisuuzwi kikawa cha mafuta ya kula, wala cha kibuyu chirizi. Kitobolewe kisitumike tena. Binti wa miaka 10 anaweza kusoma lebo, lakini mdogo wa miaka 3 anaona chupa tu.

La tatu ni muhogo. Watoto wanautafuna mbichi wakiwa njiani, na mchungu una sumu iitwayo sianidi. Wafundishe kutema uchungu, na kutochimba shina wasilolijua. Unga wenu nao muuangalie, hasa mwaka wa njaa, watu wanapofupisha njia kwa kuponda muhogo mbichi, kuuanika upesi na kuutwanga. Mkoa wetu wa Mtwara ulipata wagonjwa wa konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000, ule ugonjwa unaopooza miguu ghafla na hairudi tena kama zamani, na unawapata sana watoto na kina mama. Ukiwa na shaka na unga, uloanishe kwa maji, utandaze tabaka jembamba lisilozidi sentimita 1, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5, halafu usonge ugali siku hiyohiyo. Sianidi nyingi hupaa hewani. Kazi hiyo ya kutandaza mtoto anaifurahia, inafanana na kucheza udongo.

Wakiugua tena, binti ajue la kufanya kabla hamjarudi. Pakiti 1 ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi, mgonjwa anywe kidogo kidogo, akitapika wangoje kama dakika 10 waendelee taratibu. Pakiti zikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visirundikwe. Mpimie kwenye chupa ya lita 1 mbele yako mpaka azoee, chumvi ikizidi ni hatari. Kinyesi kikiwa na damu, macho yakididimia, mkojo ukikatika, mtoto akishindwa kunywa au akilegea, jirani aombwe awapeleke zahanati bila kuwasubiri ninyi.

Limebaki agizo la mumeo. Halitekelezeki, na yeye mwenyewe analijua, kwa sababu darasa la saba ni miaka mitatu mbele na msimu wa korosho ni sasa. Usimpinge mbele ya watoto wala mbele ya mama yake. Usiku mkiwa wawili mhesabie zile saa 9, yeye ni mtu wa kupima korosho, hesabu anaielewa. Kisha mwombe akachonge miti minne na fito za kichanja cha kukaushia vyombo juani, kimo cha kifua chake, kuku wasifike. Jioni moja inamtosha. Akimaliza, kidumu cha kibuyu chirizi kinamsubiri pale, na msumari wa moto asimpe binti.